Barua ya Posa kwenye Skrini Tano

Watu wangu, nimeaibika leo. Si ile aibu ya kujikwaa sokoni, ukainuka, ukajipangusa vumbi ukaenda zako. Hii ni aibu ya kukaa kwenye kiti kizuri, kwa raha zako, ukajiaibisha kwa vidole vyote kumi saa nzima, huku ukijiona hodari!

Saiba nimeifunga. Mlangoni nimening'iniza kibao cha "Narudi baada ya sala", na sala yenyewe ilikwisha kitambo. Haya nayaandika kwenye simu. Ile kompyuta siwezi kuitazama kwa sasa, tumenuniana.

Wacha nianze mwanzo, mtajua wenyewe mahali pa kunicheka.

Mnaonijua mnajua nina saiba hapa Garsen, chumba kimoja cha mabati, joto la kuokea mkate. Mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu: KOMPYUTA TANO, MTANDAO WA KASI. Sasa nitawapa siri ambayo mpaka leo asubuhi ilikuwa yangu na fundi aliyenifungia mitambo. Kompyuta si tano. Ni moja.

Moja, lakini ina nguvu! Fundi aliigawanya. Skrini ni tano (ya tano ni yangu mwenyewe), kibodi tano, mausi tano, na kila skrini ina kidude chake kidogo kama kiberiti. Kebo zote zinakimbilia kwenye mashine moja chini ya meza yangu, na ndani ya mashine hiyo kuna programu inayoifanya ijione ni kompyuta tano. Kila mteja anapata ukurasa wake, faili zake, mambo yake. Hamwoni jirani, jirani hamwoni. Ni ufundi mzuri kabisa, na hauna aibu hata kidogo.

Aibu niliiongeza mimi. Ile mashine niliifunika leso, nikawa natangaza kwamba nina kompyuta tano. Nilimwambia mjomba. Nilimwambia Mwanaidi. Nilirudia mpaka mwenyewe nikaamini. (Kuna siku nilimlalamikia jirani jinsi ilivyo kazi kuzipangusa vumbi kompyuta tano. Akanihurumia.)

Mwanaidi ndiye chanzo cha yote. Anauza katika duka la dawa hapa mjini, na mimi mwaka huu nimeugua sana kichwa, kama mnavyoelewa. Tumeshaelewana. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Athmani wa Kau, na kwa Mzee Athmani hupiti bila barua ya posa.

Desturi mnaijua. Barua hutoka kwa wazee wa mwanamume, ikapelekwa na mtu mzima aliyevaa kanzu safi, ikatiwa mkononi mwa baba wa msichana. Mposaji hana lake. Haiandiki, haipeleki. Na akikutana na baba mtu njiani kabla barua haijafika, huamkiana tu kama watu wasio na jambo. Baba hajui kitu. Kijana hajui kitu. Mji mzima unajua.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mzee wangu ni Mjomba Shee wa Ozi. Juzi alinipigia simu.

"Omari, macho yangu siku hizi hayaoni karatasi. Hiyo barua iandike wewe, si una kompyuta tano? Alhamisi adhuhuri nitapita hapo niitie sahihi, na Ijumaa baada ya sala naipeleka Kau."

"Mjomba, mimi nijiandikie posa yangu mwenyewe?"

"Nani atajua?"

(Mjomba, jibu la swali lako ninalo. Vuta subira.)

Na kulikuwa na haraka. Mwanaidi alikuwa amenidokeza kwamba barua nyingine imeshatangulia Kau, ya kijana wa Kipini mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Mzee ameisoma, akaikunja, akasema anangoja kuona kama ipo ya pili, halafu atatoa neno lake. Kwa hiyo barua yangu ilipaswa kuwa barua ya kweli kweli. Nilikuwa na asubuhi moja tu ya kumshinda mtu wa vipuri.

Basi leo Alhamisi. Saa tatu nilikuwa na darasa dogo: Madam Esta, mwalimu wa chekechea kutoka Ndera, na wenzake wawili. Nilikuwa nawaonyesha namna ya kujaza fomu yao. Kwa kazi hiyo ile mashine ina kitufe kizuri sana, kinaitwa Onyesha Wote. Ukikibonyeza, kila kilicho kwenye skrini yangu kinatokea kwenye skrini zote, na kibodi za wateja zinalala. Wanatazama tu. Ukimaliza, unabonyeza tena, kila mtu anarudishiwa mambo yake.

Ukimaliza, unabonyeza tena. Nawaomba mlishike hilo neno.

Tukamaliza. Mtandao nao ukapotea papo hapo, kama kawaida yake. Wale wenzake Madam Esta wakaenda sokoni, yeye akabaki namba moja kungoja. Nikanyoosha mkono nibonyeze kile kitufe. Mlango ukafunguka.

Mzee Athmani!

Kofia ya kazi ya mkono, kikoi, fimbo, na ile sauti yake. Mzee huyu hana sauti ndogo. Akinong'ona, watu nje wanasimama.

"Salamu alaykum!"

Niliruka kitini. Mkono ulioelekea kwenye kitufe ukaenda kifuani, kutoka kifuani ukaenda kusalimia. Kitufe nikakisahau hapo hapo, na sikukikumbuka tena mpaka nilipokuwa nimekwisha.

"Waalaykum salaam, Mzee. Karibu. Karibu sana. Karibu."

(Karibu tatu. Mtu asiye na jambo hukaribisha mara moja.)

"Nataka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu," akasema. "Naambiwa yeo mambo yote ni humu." Mzee ni mtu wa Kau, leo kwake ni yeo, moja ni moya, na hii ni hini.

"Mtandao umekatika, Mzee, lakini hauchelewi. Kaa hapa namba tatu."

Namba tatu ni karibu na printa, na ndicho kiti pekee chenye mto. Akakaa. Nyuma yake wakaingia wawili zaidi: Barisa, mfugaji wa hapa nje ya mji, mtu wa maneno machache, alifuata cheti cha polisi, nikamkalisha namba mbili, na Kadzo, msichana wa chuo, alikuwa na kazi ya mwalimu ya kutuma, nikamkalisha namba nne. Nikawaambia wote: "Tulieni, mtandao uko njiani." Kisha nikakimbilia nyuma ya plaiwudi yangu.

Plaiwudi hiyo niliijenga mwenyewe ili nionekane meneja. Nikikaa nyuma yake sioni mtu, na mtu hanioni. Nikavuta pumzi. Baba mkwe (inshallah) hatua nne kutoka kwangu, mtandao hakuna, na saa saba mjomba anakuja na kalamu. Nikajiambia: Omari, huu ndio wakati. Barua haihitaji mtandao.

Nikafungua ukurasa mweupe. Salamu nikaziacha kwanza, maana ndizo ngumu. Nikaanza na sifa zangu, kwa kinywa cha mjomba.

"Kijana wetu Omari ni mtu wa haya nyingi."

Nikaitazama. Nikafuta "nyingi". Nikaandika "sana". Nikafuta "sana". Nikarudisha "nyingi".

"Omari," akaita Madam Esta kutoka upande wa pili. "Hapa kwangu kuna kitu kinafanyika."

"Inajisasisha, Madam. Wewe usiguse. Itazame tu mpaka imalize."

"Niitazame?"

"Itazame tu."

Akaitazama. Wote wakaitazama! Watu wa Garsen mnawasema bure kwamba hawasikii maagizo.

Nikaendelea. "Ana umri wa miaka thelathini na minne." Hapana, yule wa vipuri ni mdogo. Nikafuta. "Thelathini." Nikafuta. "Ishirini na tisa." Nikaona nimevuka mpaka, maana Mzee anamjua mama yangu na anaijua miaka yake ya uzazi. Nikafuta yote, nikaandika: "Ana umri wa kutosha."

Halafu dini. "Hakosi sala ya alfajiri msikitini." Hapo vidole vikasita. Nikafuta "ya alfajiri". Ikabaki "Hakosi sala msikitini." Nikasita tena. Nikafuta "Hakosi sala". Nikaandika: "Hupenda kusali msikitini."

(Kupenda ninapenda. Shida ni kuamka.)

Mzee Athmani akakohoa. Nikasema moyoni, maskini, vumbi la njiani.

"Anajua kupika wali wa nazi." Nikajiona nimepambika. Kisha nikamkumbuka shangazi yake Mwanaidi, ambaye akisoma hilo atakuja na nazi mkononi anijaribu. Nikafuta haraka.

"Omari," akaita Barisa.

"Naam, Barisa."

"Hii ya mimi na ile ya huyu mama, maneno ni moja."

"Ndiyo, Barisa. Hizi zote ni mpya, zinafanana."

"Aa," akasema Barisa. Barisa ukimjibu jambo moja limekwisha.

Nikafika kwenye tabia. Hapa niliandika kwa moyo wote. "Ni mpole mno. Hajawahi kumpandishia mtu sauti, mkubwa wala mdogo."

Kadzo akapiga kelele. "Buda! Hii mashini yako inajitype yenyewe! Ni jini ama ni nini?"

"NIMESEMA MSIGUSE KITU! KILA DAKIKA OMARI, OMARI! MTU HAWEZI KUFANYA KAZI?"



Kisha nikasikia kicheko, lakini cha kubanwa, kama mtu aliyetia leso mdomoni. Sikukitilia maanani. Nikarudi kwenye barua, nikasoma ule mstari wa upole, nikauona umepungua kitu. Nikaongeza neno "kamwe".

Hapo upande wa pili mtu aliangusha kitu. Nadhani ilikuwa ile fimbo.

Sasa mali. Hapa ndipo nilipotaka kumwangusha yule wa vipuri. "Ni mwenye biashara kubwa mjini Garsen, ana kompyuta tano." Nikaitazama tano. Tano ni kidogo kwa mtu mwenye duka zima la vipuri. Nikafuta, nikaandika "sita". (Kuna moja iliyokufa nyumbani. Kufa si kutokuwepo.) Nikafuta, nikaandika "tano na zaidi". Nikaona imekaa kibiashara, lakini inamfanya mtu aulize zaidi ni ngapi, nikarudi "tano". Nikaongeza: "na wafanyakazi wawili." Wa kwanza ni mimi asubuhi. Wa pili ni mimi jioni.

Zikabaki salamu za juu. Jamani, salamu za barua ya posa zinatisha. Nilijaribu "Kwa Mzee wetu mtukufu", nikaona imezidi. Nilijaribu "Kwa Bwana Athmani", nikaona ni kama barua ya serikali. Akili ilikuwa imechoka, joto, mtandao bado. Na mtu akichoka peke yake hujichekesha. Nikaandika, kwa kujifurahisha tu, Mungu ni shahidi, kwa nia ya kufuta:

"Kwa Mzee Athmani, ambaye sauti yake husikika kutoka Kau mpaka Kipini bila simu."

Nikacheka. Peke yangu, nyuma ya plaiwudi, hi hi hi, mabega yakitikisika. Nikashangaa kwamba upande wa pili hakuna anayepumua. Nikaufuta huo mstari, nikaandika za heshima: "Kwa mpendwa wetu Mzee Athmani, baada ya salamu nyingi." Nikaisoma yote toka juu hadi chini. Nikaipenda. Nikaagiza printa.

Printa ikaguna, ikaanza kutema. Nikainuka, nikavuta shati, nikatoka nyuma ya plaiwudi kwa mwendo wa meneja.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni skrini namba moja. Barua yangu. Namba mbili. Barua yangu. Namba nne. Barua yangu. Na ile alama ya kuandikia, pale mwisho, inakonyeza kwenye skrini zote kwa pamoja.

Nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Madam Esta alinitazama kwa huruma ya mwalimu. "Omari mwanangu, haya nyingi ni nzuri. Ulipoirudisha tulifurahi."

"Mliona?"

"Ulisema tutazame."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," akasema Barisa. "Miaka, ile thelathini na nne ndiyo kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Weka hiyo. Si mingi."

"Na ile ya wali mbona ulitoa, msee?" Kadzo alikuwa anafuta machozi. "Ilikuwa inabamba, tamu kabisa!"

Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kutazama namba tatu. Mzee Athmani alikuwa amevaa miwani. Printa iko kando ya goti lake, na karatasi ilikuwa imemwangukia mapajani kama mzigo uliofika kwa mwenyewe. Ameishika kwa mikono miwili.

Nikataka ardhi ifunguke. Haikufunguka.

"Mzee, hiyo ni..."

"Nyamaza," akasema, kwa sauti yake ya kunong'ona, na nje mtu wa bodaboda akageuka. "Mimi haiyanifikia barua yoyote. Barua ikiniya, italetwa kwangu na mtu mzima. Kwa hivyo hini sijui ni nini. Naisoma kama mtu asomavyo gazeti."

Akaisoma. Kwa sauti! Mtaa mzima ukajua kwamba mimi ni mpole mno, sijawahi kumpandishia mtu sauti, kamwe. Kwenye "kamwe" alisimama, akanitazama juu ya miwani, akaendelea. Alipofika mwisho aliigeuza karatasi nyuma, akaitazama, akairudisha mbele.

"Hini gazeti lina upungufu."

"Upungufu gani, Mzee?"

"Kuna mstari haumo."

"Upi, Mzee?"

"Wa Kipini."

Uwii! Madam Esta alificha uso kwa mkoba. Kadzo alitoka nje kabisa, nikamsikia akicheka mpaka kwa muuza maji. Mimi jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua pana jasho. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kipokomo cha mama, nikaomba kwa mikono.

Mzee akainua kiganja, akanikatiza. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Hapa umeandika una kompyuta tano. Zi wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akazifuata kwa macho.

"Kompyuta tano," akasema taratibu, "na zote zaandika kitu kimoya, na zote zafuta kitu kimoya, na zote zilinyamaza uliponyamaza. Nimekaa hapa saa nzima. Naona mwili ni mmoya."

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao, mnanijua. Lakini kuna wakati uongo nao unachoka kukubeba. Nikapiga magoti mbele ya meza yangu, nikaifunua ile leso. Ile mashine ikabaki wazi, na kebo zake zote, na taa yake moja ya kijani.

"Ni moja, Mzee. Imegawanywa. Kila mtu anaona yake, lakini inayofanya kazi ni hii."

"Na watu wote wanne huandika humu kwa wakati mmoya, wasigongane?"

"Wasigongane, Mzee. Isipokuwa mimi nikisahau kitufe."

Akainama, akaitazama kwa muda, mikono nyuma, jinsi mtu anavyomtazama mwana-kondoo sokoni.

"Basi hini ni sinia," akasema. "Watu watano, sinia moya, na kila mtu ala upande wake. Pana aibu gani hapo? Aibu ni wewe kwenda kwa watu ukasema una masinia matano."

Nilikuwa bado nimepiga magoti, leso mkononi, nilipoona kivuli mlangoni. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi, na kalamu tayari mkononi. Mjomba Shee, ambaye macho hayaoni karatasi na wala, kama ilivyodhihirika, hayaoni watu.

"Omari!" akapaza sauti. "Umeshamaliza kujiandikia? Lete nitie sahihi upesi kabla Athmani hajasikia!"

Niliifunika ile mashine tena. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kufunika kitu chochote.

"Shee," akasema Mzee Athmani.

Mjomba aliganda. Kalamu ikaingia mfukoni yenyewe. Na hapo, ndugu zangu, niliona desturi ikifanya kazi. Wale wazee wawili, barua ipo mkononi mwa mmoja na kalamu mfukoni mwa mwingine, walianza kuamkiana kana kwamba wamekutana kisimani.

"Ah! Athmani! Habari za Kau?"

"Njema. Za Ozi?"

"Njema tu. Mpunga?"

"Wajikongoya. Mvua kwenu?"

"Haba."

"Na jamaa?"

"Wazima wote."

Dakika tatu nzima za mpunga na mvua. Madam Esta na Barisa wanageuza shingo huku na huku. Mimi nimepiga magoti katikati yao. Na juu ya skrini zote nne: "Kijana wetu Omari ni mtu wa haya nyingi."

Wakati huo huo mtandao ukarudi. (Ahsante sana, mtandao. Wewe na mimi tutaonana.) Nikainuka, nikakibonyeza kile kitufe, barua ikatoweka, kila mtu akarudishiwa mambo yake. Nikamjazia Mzee fomu ya mjukuu. Nilikosea jina la mtoto mara mbili, akanisahihisha kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kunipiga fimbo.

Alipomaliza akasimama. Ile barua akaikunja mara nne, akanitia mkononi.

"Chukua gazeti lako. Mimi sina habari nalo."

Nikaona basi. Imekwisha. Nikamwona Mwanaidi akipanda boti kwenda Kipini, nikawaona watoto wake wamevaa fulana za vipuri. Jamani, nilikuwa natania tangu mwanzo wa kisa hiki, lakini hapa sitanii. Yule msichana nampenda.

Mzee akafika mlangoni, akageuka. Hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba.

"Shee, kesho una safari?"

Mjomba akanitazama, akaitazama kanzu yake. "Nilidhani ninayo. Ya Kau. Sasa sijui."

"Nyumbani nina barua moya," akasema Mzee. "Ya kijana fulani. Imeandikwa vizuri mno, haina doa. Nimeisoma mara tatu na bado simjui aliyeandikwa. Kwa sababu mimi naona yaliyobaki tu. Aliyoyafuta sikuyaona."

Akapiga fimbo chini mara moja.

"Ukiwa na safari, ndoo. Lakini barua yako iwe na miaka yake kamili, na kompyuta moya, na sala zile azisalizo. Mtu wa namna hiyo nitajua namna ya kumjibu."

Akaenda zake. Mjomba akaniuliza mara tano, "Amesemaje? Omari, amesemaje?" Nilikuwa nimekaa sakafuni nikicheka na kulia pamoja, na Barisa ameniwekea mkono begani akisema, "Amesema njoo. Mimi nimesikia. Amesema njoo."

Basi sasa hivi saiba imefungwa na barua naiandika upya. Thelathini na nne. Moja. Alfajiri mara chache, naomba dua zenu. Natumia kalamu na karatasi, na mlango nimetia komeo.

Msinicheke, tafadhali. Kadzo ameshacheka kwa niaba ya kaunti nzima.